Mwongozo kamili: Kuunganisha kompyuta mpakato na intaneti ya simu bila kumaliza bando kabla ya kazi

Wanaoshindwa kuipatia kompyuta intaneti kutoka kwenye simu hushindwa kwa namna mbili. Wa kwanza huwasha mtandaopepe (hotspot, yaani simu kurusha Wi-Fi yake), kompyuta ikaonyesha kwamba imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Wa pili hufanikiwa upesi, kisha baada ya muda mfupi hupokea ujumbe kwamba bando lake la GB 2 limekwisha, ilhali alichofanya ni kutuma barua pepe moja yenye kiambatisho. Wote wawili wamekosea mpangilio wa hatua. Wa kwanza hakuhakikisha kwamba simu yenyewe ina intaneti kabla ya kuigawa, na wa pili aliifungulia kompyuta mlango kabla ya kuiwekea mpaka.

Maelezo haya yanahusu hasa simu za Android na kompyuta za Windows 10 na Windows 11, kwa kuwa ndizo zilizo mikononi mwa watu wengi. iPhone na Mac zimetajwa pale tu zinapotofautiana. Majina ya vipengele nimeyaacha katika Kiingereza, ndani ya alama za mtajo, kwa sababu ndivyo yanavyosomeka kwenye skrini nyingi. Aliyeiweka simu yake katika Kiswahili atakutana na "Mtandaopepe na kusambaza mtandao" pale ninapoandika "Hotspot & tethering".

## Vitu vya kuandaa

- Laini yenye bando la intaneti ya kawaida. Bando la mitandao ya kijamii peke yake halifai. WhatsApp itafunguka, lakini kivinjari cha kompyuta hakitafungua kitu, nawe utaanza kutafuta kosa mahali lisipokuwepo. Soma pia masharti ya bando lako, kwa sababu baadhi ya vifurushi haviruhusu kugawa intaneti kwa kifaa kingine, na vile vinavyoitwa visivyo na kikomo mara nyingi hupunguziwa kasi baada ya kiasi fulani.
- Waya wa USB unaopitisha data. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za data. Baadhi ya nyaya za bei nafuu zina zile mbili za umeme tu. Zinachaji vizuri, lakini kompyuta haitatambua kamwe kwamba kuna simu upande wa pili.
- Simu yenye chaji ya kutosha, ikiwezekana zaidi ya nusu. Kugawa intaneti kwa Wi-Fi huimaliza betri na kuipasha simu joto.
- Kompyuta yenye saa na tarehe sahihi. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo chanzo cha matatizo mengi katika kompyuta zilizotumika. Betri ndogo ya ndani inayotunza saa ikifa, kompyuta hurudi tarehe ya miaka iliyopita kila inapozimwa, na tovuti karibu zote huikataa kwa onyo la "Your connection is not private". Intaneti ipo, ila kompyuta inaona vyeti vya usalama vya tovuti kana kwamba havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe kwanza.

## Uchague njia ipi

Njia ni tatu: Wi-Fi, waya wa USB na Bluetooth.

Wi-Fi ndiyo inayojulikana zaidi, na ni nzuri ukitaka kuiacha simu dirishani penye mawimbi mazuri huku wewe umekaa mezani. Waya wa USB ni imara kuliko zote. Haukatikikatiki, hauonekani na majirani, na huipa simu chaji kidogo wakati wa kazi. Kwa mkutano wa video au mtihani wa mtandaoni, mimi humshauri kila mtu atumie waya. Bluetooth ni ya polepole mno, kwani kasi yake haivuki Mbps (megabiti kwa sekunde) 2 au 3 hata mambo yakienda vizuri. Inafaa kwa barua pepe za maandishi pale ambapo Wi-Fi ya kompyuta imeharibika na waya haupo, basi.

Hatua ya 1 hadi ya 5 zinahusu Wi-Fi. Anayetumia waya afanye hatua ya 1, aende kwenye sehemu ya waya, kisha arudi kwenye hatua ya 4 na ya 5.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba simu ina intaneti

Zima Wi-Fi ya simu, kisha washa data. Ukiiacha Wi-Fi imewaka, simu inaweza kuwa inakula intaneti ya ofisini au ya jirani huku ukidhani ni ya laini yako.

Fungua kivinjari cha simu, si WhatsApp wala Facebook, na uingie kwenye tovuti ambayo hujaifungua siku za karibuni. Kurasa ulizokwisha kuzitembelea huhifadhiwa ndani ya simu na huweza kujitokeza hata pasipo intaneti. Makala yoyote ya Wikipedia ambayo hujawahi kuyasoma yanatosha kwa jaribio hili.

Kisha angalia salio la bando. Tanzania, wa Vodacom hupiga \*149\*01#. Kenya, wa Safaricom hupiga \*544#. Andika kiasi kilichobaki mahali fulani, maana utakihitaji baadaye.

Tazama pia alama iliyo karibu na minara ya mtandao juu ya skrini. Ikisomeka 4G au LTE, endelea. Ikisomeka E au H, yaani 2G au 3G, usitarajie video wala mikutano. Sogea karibu na dirisha au toka nje, hasa kama nyumba ina paa la bati, kwa kuwa bati huyazuia mawimbi kwa kiasi kikubwa. Mahali simu ilipo pana uzito kuliko mahali kompyuta ilipo, hivyo itafutie simu nafasi nzuri, kisha kompyuta ifuate.

Umefaulu ikiwa ukurasa mpya umefunguka kwenye simu kwa data ya laini. Usipofunguka, usiendelee mbele. Hakuna kitu utakachofanya kwenye kompyuta kitakachorekebisha tatizo lililoko kati ya simu na mnara.

## Hatua ya 2: Tayarisha mtandaopepe

Ingia "Settings", kisha "Network & internet", kisha "Hotspot & tethering". Kwenye Samsung, sehemu hii imo ndani ya "Connections" na huitwa "Mobile Hotspot and Tethering". Kabla ya kuwasha chochote, rekebisha mambo manne.

La kwanza ni jina. Liwe fupi, la herufi na tarakimu za kawaida, lisilotaja jina lako kamili wala namba ya nyumba, kwa sababu kila aliye jirani analiona.

La pili ni nenosiri, ambalo sharti liwe na herufi zisizopungua 8. Usiache mtandaopepe bila nenosiri hata kwa dakika chache. Simu za watu zilizo karibu hazitangoji ruhusa, na bando ni lako. Kwenye aina ya usalama chagua WPA2 ikiwa kompyuta ni ya zamani, kwani nyingi ya hizo hazielewi WPA3 na zitakuambia nenosiri si sahihi hata likiwa sahihi.

La tatu ni masafa. Wi-Fi ya simu hurushwa kwa GHz 2.4 au GHz 5. Masafa ya 5 yana kasi kubwa lakini hayapenyi kuta vizuri, na kompyuta nyingi za zamani hazina kipokezi chake, kwa hiyo jina la mtandao wako halitaonekana kabisa kwenye orodha yake. Kama hujui kompyuta yako iko upande gani, anza na 2.4. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, kazi hiyo hufanywa kwa kuwasha "Maximize Compatibility".

La nne ni kujizima. Simu nyingi huzima mtandaopepe zenyewe zikikaa dakika kadhaa bila kifaa kilichounganishwa. Mipangilio hiyo, inayoitwa "Turn off hotspot automatically", inaokoa betri, lakini pia ndiyo sababu kompyuta iliyolala kidogo huamka ikakuta mtandao haupo. Izime ukiwa na kazi ndefu.

Angalia pia kwamba "Data Saver" imezimwa. Katika Android, kipengele hicho kikiwa kimewashwa huzuia kugawa intaneti, na kitufe cha mtandaopepe huonekana kimefifia pasipo maelezo ya kuridhisha.

## Hatua ya 3: Unganisha huku data imezimwa

Hatua hii huwashangaza wengi, na ndiyo inayookoa bando. Zima data ya simu. Washa mtandaopepe. Sasa simu inarusha Wi-Fi ambayo haina intaneti ndani yake.

Sababu ni kwamba Windows huwezi kuiambia iubane mtandao fulani kabla haijaunganishwa nao walau mara moja, na mara tu inapoungana na mtandao wenye intaneti huanza kushusha masasisho, kulinganisha mafaili na kuamsha programu zilizokuwa zimelala. Ukiiunganisha na mtandao mtupu unapata nafasi ya kuweka mpaka kwa utulivu.

Kwenye kompyuta, bofya alama ya mtandao iliyo chini kulia mwa skrini, chagua jina uliloliweka, na uandike nenosiri. Kama Wi-Fi ya kompyuta haijawaka, tafuta kitufe chenye alama ya ndege au ya antena kwenye safu ya juu ya kibodi. Baadhi ya kompyuta za zamani zina swichi ndogo ya kusukuma pembeni au mbele, ambayo mtu anaweza kukaa na mashine mwaka mzima asiigundue.

Umefaulu ikiwa kompyuta inaandika "No internet, secured" chini ya jina la mtandao wako. Kwa sasa maneno hayo ndiyo tunayoyataka.

Mwenye iPhone hawezi kufuata njia hii, kwa sababu simu hiyo hairuhusu "Personal Hotspot" bila data. Afunge programu zote za kompyuta kwanza, aunganishe, kisha aende hatua ya 4 upesi. Na wakati wa kuunganisha abaki kwenye ukurasa wa "Personal Hotspot" hadi kompyuta iingie, la sivyo jina la simu linaweza kutoweka kwenye orodha.

## Hatua ya 4: Iwekee kompyuta mpaka

Simu imetengenezwa ikijua kwamba data inanunuliwa. Kompyuta imetengenezwa kwa dhana kwamba imefungwa kwenye intaneti isiyopimwa ya ofisini au nyumbani, na hapo ndipo GB 2 zinapoyeyuka. Sasisho kubwa moja la Windows peke yake linaweza kufikia GB kadhaa.

Ingia "Settings", "Network & internet", "Wi-Fi", kisha bofya mtandao uliounganishwa ili kuona sifa zake. Washa "Metered connection". Kwenye Windows 10 imeandikwa "Set as metered connection". Tangu hapo, sehemu kubwa ya masasisho ya Windows haitashushwa yenyewe kupitia mtandao huo, na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, itasimamisha kulinganisha mafaili.

Programu nyingine hazitii amri hiyo sawasawa, hivyo zishughulikie mwenyewe. Google Drive na Dropbox, kama zimesakinishwa, zisimamishe kupitia alama zao zilizo karibu na saa. Programu za michezo zifunge kabisa. Kivinjari nacho hukumbuka kurasa zote ulizoziacha wazi na kuzipakia upya kwa pamoja mara kinapofunguliwa. Zifunge zile usizozihitaji, hasa za YouTube.

Kisha rudi kwenye simu uweke kikomo. Ndani ya mipangilio ya data ya laini tafuta "Data warning & limit", washa kikomo, na uandike kiasi unachokubali kutumia. Windows nayo ina sehemu ya kuweka kikomo, lakini yake hutoa onyo tu. Cha simu hukata data. Mwenye bando la GB 3 akiweka kikomo cha GB 2.5 hubaki na akiba ya kutumia kwenye simu. Kumbuka tu kwamba simu huhesabu kuanzia mwanzo wa mzunguko uliouchagua, si kuanzia ulipounga bando, kwa hiyo jumlisha na kile ambacho tayari kimetumika katika mzunguko huo.

Kwa makadirio: Zoom hutaja Mbps 1.2 kwa kila upande katika mazungumzo ya video ya watu wawili yenye ubora wa 720p, na ukipiga hesabu, kupokea na kutuma kwa pamoja ni takriban GB 1 kwa saa. Sauti peke yake ni kbps 60 hadi 80, yaani chini ya MB 40 kwa saa kwa kila upande. Netflix huelezea hadi GB 1 kwa saa kwa video ya ubora wa kawaida, na hadi GB 3 kwa ubora wa juu. Mwenye mkutano wa saa mbili na GB 1 mfukoni ajue mapema kwamba kamera itabaki imezimwa.

Umefaulu ikiwa swichi ya "Metered connection" inaonyesha "On", na alama za OneDrive na wenzake zimesimama.

## Hatua ya 5: Washa data na upime

Sasa washa data ya simu. Subiri kidogo, "No internet" itatoweka yenyewe. Isipotoweka baada ya dakika moja, tenganisha Wi-Fi ya kompyuta na uiunganishe tena, kwa kuwa Windows wakati mwingine huchelewa kukagua.

Fungua ukurasa mmoja mwepesi. Usianze na programu ya kupima kasi, maana vipimo hivyo hushusha na kupandisha data nyingi kadiri mtandao unavyoruhusu, na kwenye 4G yenye nguvu jaribio moja huweza kumeza makumi ya MB au zaidi. Nimeona watu wakipima kasi mara tano mfululizo kisha wakashangaa salio.

Umefaulu ikiwa ukurasa umefunguka, na ukiangalia salio baada ya dakika kumi za kusoma maandishi, umepoteza MB chache tu. Linganisha na kiasi ulichokiandika katika hatua ya 1. Ikiwa zimepotea mamia, rudi hatua ya 4. Kuna kitu hukukifunga.

## Njia ya waya wa USB

Chomeka waya kwenye simu na kwenye kompyuta. Fungua "Hotspot & tethering" na uwashe "USB tethering". Kitufe hicho hubaki kimefifia hadi simu ione waya wenye data. Kwa hiyo, kama simu inachaji lakini kitufe hakibonyezeki, tatizo ni waya au tundu. Badilisha waya kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Huhitaji kuwasha "USB debugging", ingawa ushauri huo umesambaa sana.

Windows itauchukulia muunganisho huu kama mtandao wa waya, hivyo utauona chini ya "Ethernet" na si "Wi-Fi". Mara ya kwanza huchukua muda mfupi kuandaa draiva yake, yaani programu ya kukitambua kifaa, na kwenye orodha ya vifaa itaandikwa "Remote NDIS based Internet Sharing Device".

Hapa pana mtego. Simu nyingi za Android hujitambulisha upya kila unapowasha "USB tethering", na Windows huziona kama mtandao mgeni. Leo utaona "Network 2", kesho "Network 3", na ile "Metered connection" uliyoiweka jana itakuwa imebaki kwenye mtandao wa jana. Kwa waya, basi, iwe desturi: chomeka waya huku data ya simu imezimwa, washa "USB tethering", ingia "Ethernet", hakikisha mpaka umewekwa, ndipo uwashe data.

Njia hii ina faida nyingine ambayo mafundi wanaijua vizuri. Kompyuta iliyosakinishwa Windows upya mara nyingi huamka bila draiva ya Wi-Fi, na ili kuipata draiva unahitaji intaneti, ambayo huwezi kuipata bila draiva. Waya wa simu hukutoa hapo, kwa kuwa Windows tayari inazo draiva za kuipokea simu kwa USB. Unganisha, endesha "Windows Update" ilete draiva ya Wi-Fi, kisha uchomoe. Katika hali hii usiweke "Metered connection" hadi draiva iingie.

Mwenye iPhone na Windows atahitaji kusakinisha iTunes au programu ya "Apple Devices" kwanza, kisha kukubali "Trust This Computer" kwenye simu. Mac na iPhone huelewana zenyewe. Mac na Android kwa waya ni shida kwa simu nyingi, kwa hiyo mwenye mchanganyiko huo atumie Wi-Fi na asipoteze jioni yake.

Usitegemee kwamba waya utaijaza simu chaji. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa hadi ampea 0.5, ambayo inatosha kuizuia simu isishuke haraka. Na kama kompyuta yenyewe iko kwenye betri, umeme huo unatoka humo humo.

## Ikikwama, tafuta kiungo kilichokatika

Intaneti inapita viungo vitatu: kutoka mnara hadi simu, kutoka simu hadi kompyuta, na kutoka kompyuta hadi tovuti. Kabla ya kubadilisha mipangilio yoyote, jua ni kipi kimekatika.

Kiungo cha kwanza umekwisha kukipima katika hatua ya 1. Kirudie sasa hivi, hata kama kilikuwa kizuri asubuhi.

Kwa kiungo cha pili, fungua "Command Prompt", dirisha la kuandikia amri, kwenye kompyuta, andika `ipconfig`, na utazame mstari wa "IPv4 Address" chini ya muunganisho unaoutumia. Namba ikianza na 192.168, ambayo ni ya kawaida kwa Android, au 172.20.10, ambayo ni ya iPhone, simu imeipa kompyuta anwani. Ikianza na 169.254, kompyuta imejitungia anwani kwa kuwa haikupewa. Zima mtandaopepe, zima Wi-Fi ya kompyuta, iambie kompyuta iusahau mtandao huo kwa "Forget", kisha anza hatua ya 3 upya. Ikigoma tena, izime simu na kuiwasha.

Kwa kiungo cha tatu, andika `ping 8.8.8.8`. Ukipata mistari ya "Reply from", intaneti inafika kwenye kompyuta. Kisha andika `ping google.com`. Ikiwa ile ya kwanza imejibu na hii ikasema haikuweza kupata jina hilo, tatizo liko kwenye DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ingia kwenye sifa za mtandao, badilisha "DNS server assignment" kuwa ya mkono, na uweke 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Zima pia VPN yoyote (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) iliyo kwenye kompyuta wakati wa kupima.

Kuna hali moja inayowachosha hata wazoefu: simu inafungua kila kitu, kompyuta ina anwani ya 192.168, lakini `ping` haijibu kabisa. Baada ya kuhakikisha kwamba bando linaruhusu kugawa intaneti, fungua "Access Point Names" (APN, maelezo ambayo simu huyatumia kuingia kwenye intaneti ya mtoa huduma) ndani ya mipangilio ya laini, ingia kwenye APN inayotumika, na utazame "APN type". Katika simu nyingine, hasa zilizoletwa kutoka nje, sehemu hiyo imeandikwa "default,supl" peke yake. Ongeza mkato na neno dun ili isomeke "default,supl,dun", hifadhi, kisha zima data na kuiwasha. Piga picha ya skrini kabla ya kugusa chochote, na usikimbilie APN kama hatua ya kwanza, kwani wengi huiharibu iliyokuwa nzima na kuishia na simu isiyo na intaneti kabisa.

## Intaneti inayokatika simu inapopigwa

Kwa mwenye laini mbili katika simu moja, hili si hitilafu. Simu nyingi za laini mbili husimamisha data ya laini moja pindi unapozungumza kwa nyingine. Mkutano wako uko kwenye laini ya pili, shangazi anapiga kwa laini ya kwanza, nawe unatoweka mbele ya wenzako mara tu unapopokea. Kabla ya kazi muhimu, zima kwa muda ile laini isiyotoa intaneti, au ielekeze simu zake zipokewe kwenye laini nyingine.

Kwa laini moja, tatizo hutokea pale simu au mtandao usiposafirisha sauti kupitia 4G. Simu ikipigwa, kifaa hushuka hadi 3G au 2G ili kupokea sauti, na kikishuka hadi 2G data husimama hadi mazungumzo yaishe. Washa "VoLTE" kwenye mipangilio ya laini kama ipo na kama mtoa huduma wako anaitoa.

## Ukimaliza

Anza kwa kuzima mtandaopepe au "USB tethering" kwenye simu, si kwa kufunga kifuniko cha kompyuta. Baadhi ya kompyuta huendelea kutumia mtandao zikiwa zimelala. Ikiwa kikomo cha data ulikiweka kwa ajili ya kazi hii tu, kiondoe, la sivyo kesho simu itakata data ukiwa njiani.

Kisha kagua matumizi pande zote mbili. Kwenye orodha ya matumizi ya data ya simu utaona mstari wa mtandaopepe ukiwa na jumla iliyokwenda kwenye kompyuta. Kwenye Windows, ingia "Network & internet", kisha "Data usage", ambayo katika Windows 11 imo ndani ya "Advanced network settings", uone kila programu ilichukua kiasi gani. Jina lililo juu kabisa linapaswa kuwa la kivinjari chako au la programu ya mkutano. Likiwa la kitu ambacho hukukifungua, hicho ndicho cha kufunga kwanza utakapofika hatua ya 4 mara ijayo.